Chuo Kikuu Kimfungulie Jirani Waifai

Kila mwaka, Julai ikiingia, vyuo vikuu vyetu huanza kuwaaga wanafunzi kwa likizo ndefu. Madarasa yanafungwa, hosteli zinabaki na walinzi, na laini ya intaneti inayolipiwa mwezi kwa mwezi inakaa karibu bila mtumiaji mpaka masomo yarudi Oktoba au Novemba. Kipindi hicho hicho matokeo ya kidato cha sita yanatoka. Vijana waliofaulu wanatakiwa waombe chuo kwa mtandao, waombe mkopo kwa mtandao, wahakikishe cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa mtandao, kisha fomu iliyosainiwa na mdhamini na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa waiskani na kuipandisha, nayo kwa mtandao. Intaneti tele imelala ndani ya ukuta wa chuo, na wanaoihitaji kuliko wakati mwingine wowote wako nje ya ukuta huo huo.

Msimamo wangu ni huu: chuo kikuu, na zaidi chuo cha umma, kiwe na waifai ya wageni inayompokea mtu yeyote aliyefika eneo la chuo, awe mhadhiri aliyetoka Makerere au binti wa muuza samaki wa Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga. Aingize namba yake ya simu, apokee meseji yenye tarakimu za kuingilia, aanze kazi yake. Asidaiwe barua ya utambulisho wala kitambulisho cha mwanafunzi.

Naandika nikiwa Tanga, mkoa ambao haujabahatika kuwa na vyuo vikuu vingi, na pengine ndiyo sababu suala hili linaonekana kama la watu wa Dar es Salaam na Dodoma. Lakini Chuo Kikuu Huria kina kituo chake cha mkoa hapa mjini, na Chuo Kikuu cha Mzumbe kimeingia wilaya ya Mkinga na kampasi mpya. Maamuzi yatakayofanywa sasa juu ya nani aruhusiwe kwenye mtandao wa vyuo hivi yatakaa miaka mingi kabla ya mtu kuyagusa tena.

Pita Ngamiani, hapa Tanga mjini, msimu wa maombi, kwenye zile barabara za namba, uingie steshenari yoyote yenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Utamkuta mama na mwanawe wamekaa kwenye benchi, bahasha ya kaki mapajani, wakisubiri zamu. Kijana wa dukani anauliza, "Mama, mdogo wangu ana imeli?" Anajibiwa, "Hana, mwanangu, mtengenezee." Anamtengenezea, nywila anaibuni yeye, halafu anaiandika kwenye kaunta buku pamoja na namba ya mtihani ya mwombaji, chini ya majina mengine yaliyojaa ukurasa. Hana nia mbaya. Mtandao ukikatika itabidi kesho aendelee pale alipoishia, na bila daftari lile hatakumbuka ya nani ni ipi. Lakini akaunti ambayo mtoto huyu ataitegemea miaka mitatu au minne ya chuo, yenye namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na taarifa zake za benki, tayari iko kwenye daftari la duka. Mwakani akitaka kuingia, atarudi Ngamiani kuulizia nywila yake mwenyewe. Na malipo ya dukani yote yako juu ya zile shilingi 30,000 ambazo Bodi ya Mikopo inatoza kwa ombi moja.

Nikilieleza hili huwa naambiwa: kijana ana simu, si anunue bando. Simu anayo, ni kweli. Kazi iko kwenye bando, na kila Mtanzania anajua uzito wa bando. Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipoanza tarehe 2, wananchi walipiga kelele mpaka vikasitishwa. Bando la siku linaisha baada ya saa 24 hata kama mfumo wa maombi ulikuwa umezidiwa na haufunguki. Mwombaji anaweza kumaliza kifurushi chake chote akiutazama ukurasa mweupe unaozunguka, kwa sababu kila mtu nchini anajaribu kuingia siku hizo hizo za mwisho. Mtu wa namna hiyo anahitaji mahali anapoweza kukaa na kurudia mara kumi bila kila jaribio kumkata fedha.

Chuo kinaweza kumpa mahali hapo kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na hapa inabidi nieleze jinsi intaneti ya chuo inavyonunuliwa. Sisi wa mitaani tunanunua kiasi: GB moja, GB tano, zikiisha zimeisha. Chuo kinanunua upana wa njia, tuseme megabiti 100 au 500 kwa sekunde, na kinailipia njia hiyo iwe imejaa au iko tupu. Usiku wa Jumapili bei ni ile ile ya saa nne asubuhi ya Jumatatu. Upana ambao haukutumika leo hauwezi kuhamishiwa kesho. Kwa hiyo mgeni anayepandisha fomu yake mwezi Agosti, kampasi ikiwa tupu, hamwongezei mhasibu hata shilingi kwenye ankara ya intaneti. Muhula ukiwa umechangamka hali ni tofauti, na sitaki kuificha: wanafunzi wengi wa vyuo vyetu tayari wanalalamika kwamba waifai ni ya kobe. Lakini mitambo ya kugawa mtandao inaruhusu kuwapanga watumiaji kwa ngazi. Mwanafunzi anapita kwanza, mgeni anapata kilichobaki, na kila mgeni anawekewa kikomo cha kasi na cha MB kwa siku. Jiji la Tshwane huko Afrika Kusini lilipofungua waifai ya bure kuanzia 2013 liliweka kikomo cha siku kwa kila kifaa, na watu waliitumia kwa wingi. Fomu ya mkopo haihitaji kasi ya kutazamia mpira.

Hofu inayotajwa haraka zaidi vikaoni ni usalama, na nadhani wakuu wa TEHAMA wanaoitaja wangepaswa kuanza na hali iliyopo kwao. Chuo kisicho na waifai ya wageni hakikosi wageni kwenye mtandao wake. Kinakuwa nao bila kujua ni nani. Mtahini wa nje anafika, hana intaneti, na mwenyeji wake, kwa utu tu, anampa nywila ya watumishi. Semina inafanyika, na nywila inaandikwa ubaoni ukumbini kwa kalamu ya wino mzito, haifutiki vizuri, inabaki kusomeka wiki mbili. Fundi wa kiyoyozi anaijua. Mtoto wa mtumishi anaijua, na rafiki zake pia. Wote hao wanaingia kwenye mtandao ule ule unaobeba matokeo ya mitihani, malipo ya ada na mafaili ya watumishi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga: chuo kikimjengea mgeni njia yake, iliyotenganishwa kabisa na mitambo ya ndani, kinapata sababu ya kuibadilisha nywila ya watumishi na kumkatalia kila anayeiomba. Pale pale kwenye njia ya wageni vifaa vinazuiwa visionane, ili simu ya mgeni mmoja isiweze kuchungulia kompyuta ya mwenzake.

Kuna hofu nyingine ya usalama ambayo ilikuwa ya kweli zamani na imebaki midomoni. Mwaka 2010 Eric Butler, mtaalamu wa programu wa Marekani, alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep ikionyesha kwamba mtu aliyekaa kwenye waifai ya wazi anaweza kunyakua akaunti ya Facebook ya jirani yake kwa kubofya tu. Ilitisha, na ilistahili kutisha, kwa sababu tovuti nyingi wakati huo zilifunga kwa siri (yaani kugeuza mawasiliano kuwa fumbo asiyehusika asiloweza kulisoma) ukurasa wa nywila peke yake, kisha mengine yote yakasafiri wazi. Baada ya hapo mambo yalibadilika. Facebook ilihamishia watumiaji wake wote kwenye mawasiliano yaliyofungwa mwaka 2013, na tangu 2015 shirika la Let's Encrypt likaanza kutoa bure vyeti ambavyo tovuti huvitumia kufunga mawasiliano yake kwa siri. Leo benki, barua pepe na mifumo ya serikali hufungwa kati ya simu na seva, njia iliyo katikati iwe ya wazi au isiwe. Hatari haijaisha. Tapeli anaweza kuweka waifai yake yenye jina linalofanana na la chuo. Dawa yake ni bango la mlangoni lenye jina sahihi la mtandao na onyo la kutomwaga nywila kwenye ukurasa wowote wa ajabu. Kufunga mtandao wa chuo hakumzuii tapeli huyo hata kidogo.

Swali la sheria lina uzito zaidi. Mgeni akitumia intaneti ya chuo kutukana, kutapeli au kusambaza picha chafu, polisi watagonga mlango wa nani? Kanuni zetu za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zilizofuata mwaka 2020, zilimtaka mwenye kafe ya intaneti awe na kamera, asajili watumiaji na kutunza kumbukumbu hizo kwa miezi 12. Roho ya kanuni hizo iko wazi: serikali inataka ijulikane nani alikuwa mtandaoni. Sasa, nchi hii imeshamaliza kazi kubwa ya namna hiyo. Tangu Januari 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA inazimwa. Meseji ya tarakimu za kuingilia ikifika kwenye laini, chuo kimejua laini ni ipi, na laini ina mwenyewe. Hakuna haja ya daftari la getini lenye safu ya jina, kabila na madhumuni. Chuo kitunze namba, kifaa, na saa za kuingia na kutoka, basi. Orodha ya kurasa alizotembelea mtu isitunzwe, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa akusanye zile anazozihitaji kwa kazi aliyoitaja.

Na kuhusu nani abebe lawama, Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, pamoja na ukali wake wote, haimlazimishi mtoa huduma kuchunguza kila kinachopita kwake, na inampa kinga mtoa njia ambaye hakuyaanzisha mawasiliano wala kumchagua mpokeaji. Wenzetu wamelipitia hili mahakamani. Ujerumani, Tobias McFadden, mwenye duka la taa na vifaa vya sauti karibu na München, aliacha waifai yake wazi kwa wapita njia, mtu akaitumia kusambaza muziki, na kampuni ya Sony Music ikamdai yeye. Septemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hadaiwi fidia kwa kosa la mgeni, ila anaweza kuamriwa aweke nywila na kuwataka watumiaji wajitambulishe. Mwaka uliofuata Ujerumani ilirekebisha sheria yake ili wenye waifai za wazi wapumue. Uamuzi wa kule hautufungi sisi, lakini mahakama iliyopima haki za pande zote mbili iliishia karibu kabisa na hapa ninapopendekeza tuanzie: mlango wazi, na anayeingia ajulikane.

Jambo moja ambalo watetezi wa waifai ya wazi hulisahau ni majarida ya kitaaluma. Wachapishaji wengi wanakitambua chuo kwa anwani zake za IP, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wake kwenye intaneti: ombi likitoka kwenye anwani hizo, jarida linafunguka. Mgeni akiachwa kwenye anwani hizo hizo, chuo kinaweza kuwa kimevunja mkataba wake bila kujua, na kufungiwa. Tena mgeni mmoja mwenye kompyuta iliyojaa virusi vinavyotuma barua taka anaweza kusababisha barua pepe za chuo kizima zikataliwe huko zinakokwenda. Wageni wapewe anwani yao ya IP, tofauti na ya wahadhiri, na haya yote mawili yanakwisha. Mhandisi wa mtandao anajua kuifanya kazi hiyo, kinachosubiriwa ni agizo.

Nimewahi kuambiwa kwamba eduroam inatosha. Ni mpango mzuri sana. Ulibuniwa Uholanzi mwaka 2002 na Klaas Wierenga wa SURFnet, mtandao wa vyuo na utafiti wa huko, na leo umeenea nchi zaidi ya 100. Mwanafunzi anaingia kwa akaunti ya chuo chake popote panapoitambua, bila kuomba lolote. Kenya wanayo kupitia KENET, Uganda kupitia RENU. Ningependa kila chuo chetu kiwe nayo kupitia TERNET, mtandao unaounganisha taasisi zetu za elimu na utafiti, na Tanga tungeiona faida yake haraka. Mwanafunzi wa udaktari wa Dodoma aliyeletwa field hospitali ya Bombo angeandika ripoti yake kwenye kituo cha Chuo Huria pasipo kununua bando. Lakini eduroam inampokea aliye tayari ndani ya nyumba ya elimu ya juu. Yule wa kwenye benchi la steshenari hana akaunti ya chuo, ndiyo kwanza anaomba. Chuo kinachojivunia eduroam kikamwacha yeye nje kimewahudumia wenye chuo wenzake peke yao.

Pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito wa kipekee nalisikia kwa wazazi na kwa wasichana wenyewe. Wanauliza: vijana wa mtaani wakijua kuna intaneti ya bure, si watajaa ukutani usiku, na mabinti wanapita wapi? Nakubaliana nao kabisa kwamba antena zisiwekwe karibu na hosteli. Ziwekwe maktaba na kwenye kibanda kimoja karibu na lango kuu, penye taa, mabenchi na mlinzi, na saa mbili usiku zizimwe. Wafanyabiashara wa steshenari nao sioni kama watakufa njaa. Kuskani, kuprinti na kupiga picha za pasipoti vitabaki kwao, na vijana wataendelea kuwahitaji.

Ninachokiogopa kuliko wapinzani wa wazo hili ni namna ya kulikubali kwa karatasi. Kuna taasisi ambazo zina waifai ya wageni kwenye tovuti yao, ila ili uipate unaandika barua kwa mkuu wa idara, mkuu anaipitisha TEHAMA, na TEHAMA wanakupa nywila ya siku moja kama aliyeko zamu hajaenda kula. Mzee aliyetoka Pangani kwa basi la asubuhi kufuatilia cheti cha mjukuu wake atafika kaunta saa tano, ataambiwa arudi saa nane, na saa tisa atakuwa anawaza basi la kurudi. Huduma inayohitaji kibali cha mtu imefungwa, hata kama kwenye ripoti ya mwaka imeandikwa kuwa ipo.

Sasa Mkinga. Kampasi ile ya Mzumbe inatokana na mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu nchini. Mkopo huo utalipwa na kila mtu: mvuvi wa Moa, mkulima wa Maramba, mwenye duka Horohoro. Wengi wa watoto wao hawatasoma pale, kwa kuwa chuo kinachukua wanafunzi wa nchi nzima. Kitu cha haraka ambacho kampasi inaweza kuwapa, kabla hata ya ajira na biashara za pembeni zinazoahidiwa, ni intaneti ya kuombea chuo, mkopo, leseni ya biashara na kazi, zikiwamo zile za bomba la mafuta la Chongoleani zinazotangazwa mtandaoni na kufungwa baada ya siku chache.

Kampasi changa ina nafasi ambayo vyuo vikongwe hawana. Kutenga njia ya wageni wakati mitaro ya nyaya ingali inachimbwa ni mstari mmoja kwenye makadirio ya mhandisi. Kuitenga baada ya zege kumwagwa ni zabuni mpya, na zabuni mpya husubiri bajeti. Madiwani na mbunge wa Mkinga wana haki ya kuuliza, kwenye kikao chochote wanachoketi na uongozi wa chuo, antena za nje zitakuwa ngapi na zitaelekea wapi, wageni wametengewa upana gani nyakati za masomo na nyakati za likizo, na je, mkataba na kampuni ya intaneti unakataza huduma hii kwa wasio wanafunzi. Hilo la mkataba lisomwe mapema, kwa maana sharti likishasainiwa litatajwa kila mwaka kama sababu. Waulize pia nani atapokea simu waifai ya wageni ikizima Jumamosi, siku chache kabla dirisha la mikopo kufungwa. Namba ya mtu huyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata.